Memori kadi haikuwa imeharibika

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Mnakumbuka vile tulibishana kwenye grupu hadi saa sita usiku: je, bendi za rock zitoe toleo lililokatwa la albamu zao, lile lisilo na matusi, ama ziseme "anayetaka asikie yote, asiyetaka aache"? Wengi mlisema kukata ni unafiki. Mmoja akaandika kwamba kukata wimbo ni sawa na kumkata mtu mguu ili apite mlangoni. Mimi nilinyamaza, na mnajua mimi si mtu wa kunyamaza kwenye mambo ya rock. Nilinyamaza kwa sababu jibu langu ni refu na lina aibu yangu ndani. Leo nalitoa.

Sisi tulivuka Bunagana mwaka 2012, nikiwa na miaka 12. Tukakaa Nyakabande, kisha malori yakatuleta Rwamwanja, wakati ule sehemu kubwa bado ni vichaka. Binamu yangu alikuwa ametangulia kuja Uganda miaka ya nyuma, akabahatika kupelekwa Marekani. Mwaka 2015 akatutumia simu kupitia mtu aliyekuwa anakuja Kampala. Ndani ya simu kulikuwa na memori kadi, na ndani ya kadi albamu moja tu: Minutes to Midnight ya Linkin Park, ile ya mwaka 2007.

Jamani. Mimi nilikuwa nimezoea kwaya, rumba ya baba na nyimbo za redioni. Sasa namsikia huyu Chester Bennington. Kuna wimbo mle, "Given Up", anapiga ukelele wa sekunde 17 bila kuvuta pumzi. Nilihesabu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, kwa sababu Kongo nilianza shule kwa Kifaransa, lakini ukelele ule haukuhitaji mkalimani. Ulikuwa kitu ambacho mimi nilitaka kufanya tangu Bunagana na sikuwa na pahali pa kukifanyia.

Tatizo lilikuwa moja. Pahali pengine sauti ilikuwa inakatika. Gitaa linaendelea, ngoma zinaendelea, neno halipo. Kidogo tu, halafu linarudi. Nikaipeleka kadi senta, kwa kijana anayechaji simu na kuuza nyimbo. Akaitazama, akaifuta kwa shati, akasema, "Kadi yako ni feki, nunua ingine." Nikanunua. Akahamisha nyimbo. Matundu yakabaki palepale. Akachukua pesa yake, akasema labda simu pia ni feki.

Basi mimi na dada yangu mdogo tukaamua kuyaziba wenyewe. Kila neno likikatika, tunatia letu. Yeye alikuwa na miaka 8, na neno lake lilikuwa moja siku zote: maharage. Fikirieni mtu analia kwa uchungu wa dunia, halafu katikati sauti ya mtoto: maharage! Mama alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Hiyo ndiyo rock ilivyoingia nyumbani kwetu, na ndiyo sababu haikufukuzwa.

Miezi kadhaa baadaye, rafiki yangu wa shule akanitumia albamu ileile kwa Bluetooth. Haikuwa na matundu hata moja. Ndipo nikajua kwamba kadi yangu ilikuwa nzima siku zote, na simu pia. Binamu yangu alikuwa amenunua CD kwenye duka kubwa lililokuwa karibu na anapoishi, kwa sababu hakuwa na gari la kwenda mbali, na duka lile liliuza toleo lililokatwa tu. Yeye mwenyewe hakujua. Nikaona nimedanganywa. Nikafuta ile ya zamani, nikabaki na ile nzima, na nikawa naisikiliza kwa sauti ya juu, kama mtu aliyerudishiwa mali yake.

Dada yangu naye akayasikia maneno ambayo alikuwa anayaita maharage. Mtoto anayejifunza Kiingereza kwa nyimbo hachagui. Wiki ile ile akamwambia mwenzake neno moja darasani, kwa furaha kabisa, na kwa matamshi mazuri kuliko ya walimu. Mama akaitwa shuleni. Mimi nikaenda naye kutafsiri. Mama akauliza, "Amesema neno gani? Mulitafsiri na sisi tusikie." Hakuna mwalimu aliyetaka. Wakanitazama mimi. Nikalitafsiri, mbele ya mama yangu, nikitazama sakafu.

Mama hakunipiga. Tulipokuwa njiani aliuliza kitu kimoja tu: "Na wewe ulikuwa unajua maana?" Nikasema ndiyo. Hakusema kitu tena mpaka nyumbani.

Kwa hiyo mkiniambia toleo lililokatwa halina kazi duniani, mimi namkumbuka mama kwenye ile njia.

Baadaye nilisoma na kukuta kwamba vita hivi vilianza kwa kisa kinachofanana na chetu. Mwaka 1984 Prince alitoa Purple Rain. Tipper Gore, mke wa mwanasiasa wa Marekani, akausikia mmoja wa nyimbo zile pamoja na binti yake wa miaka 11, akashtuka. Mwaka 1985 yeye na wake wengine wa wakubwa wa Washington wakaunda kundi la wazazi, na mwezi wa tisa mwaka ule Baraza la Seneti likakaa kusikiliza. Wanamuziki watatu wakaenda kujitetea: Frank Zappa, Dee Snider wa Twisted Sister, na John Denver. Huyu Denver alikuwa mtu wa nyimbo za milima na amani, lakini akaeleza kwamba hata wimbo wake wa milima uliwahi kukataliwa na redio, kisa watu walidhani unasifia madawa. Mwenye mkasi si lazima awe ameelewa anachokata.

Mwisho wake kampuni za muziki zikakubali kubandika alama ya kuwaonya wazazi. Alama yenyewe haikukata neno hata moja, ilimwambia mnunuzi tu kilichomo. Shida ilikuja baadaye, pale maduka makubwa kama Walmart yalipoamua kutouza albamu yenye alama ile. Hapo bendi zikawa na njia mbili: toa toleo lililokatwa, au usionekane kwenye rafu. Na kwenye miji midogo mingi duka la namna hiyo ndilo lililouza muziki.

Sasa mniruhusu nikae kidogo kwa Nirvana, kwa sababu hapa ndipo mawazo yangu yalibadilika.

Mwaka 1993 walitoa In Utero. Walmart na Kmart hawakuitaka, kwa sababu ya picha za nyuma ya jalada na kwa sababu ya jina la wimbo mmoja, "Rape Me". Wimbo ule unapinga ubakaji, lakini jina lake linamgonga mtu usoni. Kila mtu angetegemea Kurt Cobain aseme "basi msiuze". Yeye alikuwa ndiye mtu wa kukataa kila kitu. Lakini mwaka 1994 bendi ikatoa toleo lingine: jalada la nyuma likabadilishwa, na jina la wimbo likaandikwa "Waif Me". Waliofanya kazi naye walieleza sababu yake. Cobain alikulia Aberdeen, mji mdogo katika jimbo la Washington, na alipokuwa mtoto hakuwa na duka lingine la kununulia muziki isipokuwa maduka ya namna ile. Hakutaka mtoto kama yeye akose albamu.

Tazameni alichokubali na alichokiacha. Alikubali karatasi ibadilishwe. Wimbo wenyewe, mle ndani, ulibaki uleule, na maneno yaleyale. Mtoto wa Aberdeen alirudi nyumbani na kitu kizima kilichovaa shati lingine.

Na lile neno waliloweka, "waif", nililitafuta kwenye kamusi ya simu. Ni mtoto asiye na kwao, aliyetupwa, asiye na wa kumtunza. Nilikaa kimya. Kati ya maneno yote waliyoweza kuyaweka pale ili wimbo upite mlangoni, waliweka neno linalotuita sisi.

Green Day wao walikataa. Mwaka 2009 walikuwa na 21st Century Breakdown, Walmart ikataka toleo lililokatwa, wakasema hapana. Albamu ikashika namba moja Marekani bila duka lile. Mashabiki wanapenda sana kukitaja kisa hiki, na wewe uliyeandika habari za mguu na mlango ulikitaja. Lakini Billie Joe Armstrong mwenyewe aliwafikiria na wale walio wadogo kuliko Green Day, bendi zinazohangaika, ambazo zinalazimika kujikata zenyewe ili zifike dukani. Aliyeshiba anaweza kususa. Anayeanza hana kiburi hicho.

Halafu kuna Sheryl Crow, mwaka 1996. Yeye hakuwa na tusi. Wimbo wake mmoja ulizungumzia watoto wanaouana kwa bunduki, na ukalitaja Walmart kama pahali bunduki ile ilinunuliwa. Duka likataka maneno yabadilishwe. Akakataa, na albamu haikuuzwa mle. Hapa hatuko tena kwenye habari ya kumlinda mtoto wa mtu. Aliyekuwa analindwa ni mwenye duka.

Tena tusidhani haya ni mambo ya wazungu na rock yao. Nyumbani Kongo tuna tume ya kupitia nyimbo kabla hazijachezwa. Novemba 2021 wimbo wa kundi la MPR la Kinshasa, "Nini to sali te", ulipigwa marufuku, halafu watu walipopiga kelele ruhusa ikarudishwa. Wimbo ule ulikuwa unalalamikia maisha na viongozi wa tangu zamani mpaka leo. Mimi nilikuwa sijawahi kuusikia. Nilipoambiwa umekatazwa, niliutafuta siku hiyohiyo.

Haya. Sasa aibu yangu ya pili, ambayo ndiyo kubwa.

Mnaijua bendi yetu: gitaa moja, besi ya kuazima, ngoma ya majirikeni na sauti yangu. Tulikuwa na wimbo wetu wa foleni. Ubeti wa kwanza ni foleni ya maji. Wa pili ulikuwa wa mama mmoja jirani yetu, vile mgao ulipopunguzwa akawa anauza sehemu ya mahindi ili alipe kusagisha yanayobaki, na vile alivyokuwa anawahesabia watoto vijiko. Tulimwomba ruhusa kabla ya kuutunga. Yeye mwenyewe alitusahihisha pahali tulipokosea hesabu. Mwishoni kulikuwa na tusi moja, la Kiswahili, la kutosha kabisa.

Tukaalikwa kuimba Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni. Mfanyakazi wa shirika moja akaja mazoezini kusikiliza. Akapiga makofi, kisha akasema kwa upole: tusi litoke, kwa sababu watoto watakuwepo. Tukasema sawa. Nilikuwa nimeshajifunza kwa dada yangu. Halafu akasema ubeti wa pili pia utoke, kwa sababu wageni watakuwepo.

Alisema maneno yale mawili kwa sauti ileile, kama kitu kimoja. Ndiyo maana hatukuona tofauti haraka. Jukwaa lilikuwa kubwa, spika za kweli, na kila mmoja wetu angepata posho kidogo. Tukapiga kura. Watatu wakasema tukate, mmoja akasema hapana. Mimi nilikuwa kati ya wale watatu. Huyo mmoja alikuwa mpiga majirikeni wetu, ambaye hata rock haipendi sana.

Tukaimba. Watu wakacheza. Wageni wakatikisa vichwa vizuri, wakapiga picha. Nilikuwa nimefurahi, sitaki kudanganya. Niliposhuka, yule mama alikuwa amesimama pembeni na kitenge chake cha kanisani, pamoja na majirani watatu aliokuwa amewaleta waje kusikia habari yake. Akanisalimia kwanza, kama mtu mzima. Kisha akauliza: "Mwanangu, ile pahali yangu mumeipeleka wapi?"

Nikaanza kueleza muda, mpangilio, mambo ya programu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilifikiri labda wamesema nimesema uongo." Akaondoka na majirani zake.

Ndugu zangu, ile memori kadi ilikuwa na matundu, lakini matundu yalikuwa yanasikika. Mtu akisikiliza anajua kuna kitu kimeondolewa, anaweza kwenda kuuliza, hata kama atajibiwa kwamba kadi ni feki. Sisi tuliukata ubeti wote na kuushona wimbo vizuri, ubeti wa kwanza ukaungana na wa tatu. Wageni walirudi nyumbani wakidhani wamesikia wimbo mzima. Wao hawakuwa na tundu lolote la kuulizia. Aliyejua alikuwa yule mama peke yake.

Wiki mbili baadaye tulimtafuta yule mfanyakazi wa shirika tukaongea naye. Tulikwenda na hasira, lakini alichotujibu kilituzima. Alisema hakuna mgeni aliyemwagiza. Hakuna bosi aliyemwandikia. "Niliogopa tu mapema," alisema. Alifikiri mradi, mkataba wake, na sisi pia, kwamba tusionekane wasumbufu. Namshukuru kwa ukweli ule, kwa sababu na sisi tulifanya hivyohivyo: tuliogopa mapema, tukapiga kura. Mkasi ulipita mikono mingi, na kila mkono ulifikiri kuna mwingine juu yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali letu ni hili. Ndiyo, bendi inaweza kutoa toleo lililokatwa, na mara nyingine ni jambo la heshima kufanya hivyo. Ni heshima kwa mtoto wa miaka 8, kwa mama anayekaa nyumba ya chumba kimoja ambapo hakuna mlango wa kufunga, kwa mtu aliye na duka moja tu. Lakini kabla ya kukata nauliza mambo matatu.

La kwanza, mkasi ameshika nani? Ikiwa ni mwenye wimbo, kama Cobain na jalada lake, hayo ni maamuzi yake. Ikiwa ni mwenye duka, niulize anamlinda nani.

La pili, kinachotoka ni nini? Tusi ni chumvi, chakula bila chumvi bado ni chakula. Linkin Park hao hao, albamu yao ya kwanza, Hybrid Theory ya mwaka 2000, haina tusi hata moja, na hakuna aliyesema haina hasira. Lakini ukitoa ubeti wa yule mama, hujatoa chumvi. Umetoa mahindi yenyewe, na yeye amekwisha kuyapunguziwa mara moja.

La tatu, msikilizaji anajua? Iandikwe wazi: hii imekatwa, na ile nzima iko pahali fulani. Kwenye programu za muziki za siku hizi nyimbo zenye maneno makali zina herufi E, na ukiona matoleo mawili unachagua. Hilo ni jema. Mimi sipendi tu vile wanaliita lile lingine "safi", kama vile ubeti wa mtu unaweza kuwa uchafu. Liitwe lililokatwa. Mtu ajue.

Sisi tulifanya hivi. Tulirekodi wimbo wa foleni kwa simu, mara mbili. Faili moja inaitwa "foleni yote", nyingine "foleni bila tusi". Ubeti wa pili uko kwenye zote mbili. Tukampelekea yule mama, tukamwomba msamaha mbele ya wale majirani zake watatu, kwa sababu ndio waliokuwa mashahidi. Akachagua ile bila tusi, kwa sababu ya wajukuu. Iko kwenye kitochi chake, na watu wanasema anaicheza foleni ya maji.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa: hatuwaombi mpende kila neno letu. Mkitaka tutoe kitu, tuambieni kwa nini, na mtuambie kama ni amri ama ni hofu. Tusi tutalitoa. Habari ya mtu, tutarudi kwanza kwa mwenyewe kumuuliza. Na kama jukwaa halitoshi wimbo mzima, afadhali mtangazaji aseme, "Wameimba sehemu tu."

Kwa wewe uliyeandika habari za mguu na mlango: sijakupinga sana. Ninasema tu kwamba mtu akiwa nje kwenye baridi, mara nyingine anavua kofia ili apite. Kofia si mguu. Shida yetu siku ile ni kwamba tuliambiwa vua kofia, tukaacha mtu nje.

Dada yangu sasa yuko sekondari na Kiingereza chake kinanishinda. Maana ya yale maneno yote anaijua. Lakini ule wimbo ukipigwa na mama yupo, unapofika pahali penyewe, bado anaimba maharage.

Nani ana zamu wiki ijayo?